Uzi wa kushikiza

Nilimpima mume wangu kwa mara ya mwisho akiwa amelala. Miaka 26 nilikuwa nampima akiwa wima, kwenye kona ya chumba cha mbele penye cherehani yangu, na kutulia alikuwa hajui: mara ageuke kumjibu mtu anayepiga hodi, mara aulize kama shati litakuwa na mfuko wa kutosha simu na kisu. Usiku ule alitulia. Wazee wa kanisa waliokuja kumwosha na kumvalisha walinipisha kidogo, wakasimama barazani. Vipimo vyake navijua kwa moyo, futi sikuihitaji, ila mkono ulikwenda wenyewe. Bega, inchi 19. Kutoka begani hadi kifundo cha mguu, 56. Nikaandika kiganjani kwa peni kama mwanafunzi wa ufundi. Namba zilikuwa zilezile. Hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza, si hospitali wala ndani ya gari. Nililia kwa sababu hakuna kilichopungua. Mtu wangu alikuwa pale mzima mzima, na hakuwapo.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 17 Septemba 2024, hapa Tabora, katika lile joto la mwisho wa kiangazi ambalo hata usiku halikupi nafasi ya kupumua.

Sikupanga kuyaandika haya. Lakini Alhamisi iliyopita alikuja binti mmoja na mfuko wa nailoni, akatoa gauni la kitenge, akaniomba nilipunguze limkae. Nililitambua kabla hajalikunjua. Nililishona mwenyewe miaka mitano nyuma, na pindo lake nilikuja kulishusha tena baadaye mwenyewe alipotaka lifike chini zaidi. Lilikuwa la mama yake, aliyetangulia mwezi Januari. Binti akasimama nimpime, akaangalia dirishani, akaniuliza polepole, "Mama, na wewe ulipofiwa na baba, ulifarijikaje?" Na mimi, mtu mzima, mama wa kanisa, nikamjibu, "Njoo Jumamosi litakuwa tayari." Akasema haya, akaondoka.

Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Najua unasoma ninayoandika hapa, mwanangu, uliniambia. Basi jibu lako ni hili, na uniwie radhi kwa kulichelewesha.

Mume wangu alikuwa mrina asali. Wa mjini hamkumwona sana kwa sababu nusu ya mwaka alikuwa porini, upande wa Sikonge, kwenye misitu ya miyombo. Alirithi mizinga ya magome kwa baba yake, ile ya kubandua gome la mti mzima mzima na kulizungusha kama mkeka uliokunjwa. Baadaye maofisa wa nyuki wakawaelimisha kwamba mti ukishabanduliwa gome hivyo unakufa, akaanza kubadilisha taratibu, anachonga ya mbao. Hakupenda kuua miti. Aliporudi nyumbani moshi ulikuwa umemkaa mwilini kiasi kwamba hata baada ya kuoga mara mbili, shingo yake ilinukia moshi na nta. Nilikuwa namlalamikia. Siku hizi nikipita mahali mtu anachoma majani makavu, nasimama.

Alikuwa kambini presha ilipompanda na upande mmoja wa mwili ukafa ganzi. Wenzake wakamtoa kwa pikipiki hadi barabara kubwa, wakapata gari. Siku tatu hospitali. Zaidi ya hapo sina la kusimulia.

Sasa nirudi kwenye usiku ule. Aliwahi kusema, zaidi ya mara moja, kwamba asizikwe na suti. Suti aliyonayo tulimshonesha kwa harusi ya kijana wetu na ilimbana. Alitaka kanzu nyeupe, ya kawaida. Nilikuwa na bafta ndani, nikakata mita tatu na nusu, nikashona mbavuni na mikononi kwa cherehani huku wanawake wakiimba uani. Ilipofika pindo la chini na shingo, nikazima cherehani, nikachukua sindano ya mkono, nikapiga bandi. Wengine wanasema kushikiza. Wasiojua ushonaji niwaeleze: ni mishono mirefu mirefu, haina fundo mwishoni, unaiweka kuishikilia nguo kwa muda tu ili mwenyewe aje aijaribu. Akishaijaribu unauvuta uzi mara moja, unatoka wote, ndipo unashona mshono wa kweli. Nguo yenye bandi ni nguo ambayo kazi yake haijaisha.

Fundi hapeleki nguo kwa mwenyewe ikiwa na bandi. Ni aibu ya kazi. Wifi yangu aliona, akaniuliza kama nimechoka aniitie fundi mwenzangu amalizie. Nikasema acha tu. Nilijiambia kuwa muda hautoshi, watu wanasubiri. Lakini muda ulikuwepo, maana mazishi yalikuwa kesho yake saa nane mchana. Ukweli ni kwamba mkono ulikataa kupiga fundo la mwisho. Moyoni sikuwa na tumaini lolote saa ile, nasema mbele za Mungu. Ninachoweza kusema ni kwamba mkono wangu ulikuwa nalo.

Matanga yalienda kama yanavyoenda. Turubai, mkaa, daftari la rambirambi, shemeji zangu wakasimamia kila kitu kwa heshima na sina neno nao. Neno nilikuwa nalo kwa maneno. "Kazi ya Mungu haina makosa." "Jikaze." "Mungu amempenda zaidi." Ninaamini waliokuwa wanasema walinipenda. Lakini maneno yale, kila yalipokuja, yalikuja wakati nimeanza kulia, kama mtu anayekuwekea mkono mdomoni. Mama mmoja alinishika mabega yote mawili akaniambia, "Usilie, Mkristo halii kama wasio na tumaini." Nilinyamaza. Nilinyamaza siku nyingi sana baada ya hapo.

Ilinichukua miezi kuirudia ile barua ya kwanza kwa Wathesalonike na kuisoma kwa macho yangu mwenyewe. Paulo anasema "msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini". Hakusema msihuzunike. Anajua watahuzunika, anazungumzia namna. Mtu anaikata sentensi katikati, anaipeleka msibani, na mjane anabaki na deni la kutabasamu.

Kisha nikaenda Yohana 11, na hapo nilikaa karibu mwezi mzima. Ndugu wawili wamefiwa na kaka yao. Martha anatoka kumpokea Yesu njiani, anamwambia, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Mariamu anabaki nyumbani, baadaye naye anakuja, anaanguka miguuni pake, anasema maneno yaleyale. Mimi nilikuwa nimeisoma sura hii tangu shule ya Jumapili na sikuwahi kuona kwamba ni lalamiko moja, wamelisema watu wawili. Na Yesu hakuwapa jibu moja. Martha alipewa maneno: "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima." Mariamu hakupewa maneno. Mariamu alipewa machozi. "Yesu akalia machozi." Alikuwa anajua atafanya nini muda mfupi baadaye, jiwe litaondolewa, Lazaro atatoka na sanda zake, na bado akalia. Hakumwambia yeyote kati yao ajikaze.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiwa mtu wa maneno, yapo. Ukiwa mtu wa machozi, hujapungukiwa imani. Mimi siku nyingine ni Martha asubuhi na Mariamu jioni.

Nitamtaja mtu mmoja hapa ingawa si wa kanisa letu. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Mwislamu, mjane wa miaka mingi. Alikaa eda yake miezi minne na siku kumi, mimi nikimpelekea uji, hilo nilikuwa nimeshalisahau. Yeye hakusahau. Baada ya watu kutawanyika na turubai kurudishwa, alikuja kila siku baada ya sala ya alasiri, na ukili wake mkononi, akaketi mlangoni pangu akasuka. Hakusema kitu. Anasuka, anavuta, anapimisha kwa vidole, anasuka. Jua likishuka anasema, "Haya mwenzangu, mpaka kesho," anaondoka. Nilikuwa sishoni kitu siku hizo, cherehani nimeifunika kwa khanga, na sauti pekee ya kazi nyumbani kwangu ilikuwa ile ya miyaa ikipita vidoleni mwake. Mkeka ukaisha, akaanza mwingine. Marafiki wa Ayubu nao, kabla hawajaharibu kwa kusema, walikaa naye chini siku saba usiku na mchana wala hakuna aliyemwambia neno. Huyu wangu alikaa zaidi ya mwezi.

Kanisani niliacha kwenda. Kuanzia Oktoba mpaka Februari sikukanyaga. Sababu niliyokuwa natoa ni miguu, lakini sababu yenyewe ni kwamba kuna mtu alisema, na nikafikishiwa, kwamba mume wangu aliondoka mapema kwa kuwa hakumaliza ahadi yake ya ujenzi wa kanisa. Sitamtaja na sitaki mtu amtafute. Ila nataka niseme wazi, kwa yeyote anayebeba maneno ya namna hiyo kwenda nyumba ya msiba: hujui unachovunja. Nilikuwa nimepoteza mume, karibu nipoteze na Mungu, kwa sababu ya shilingi elfu themanini zilizokuwa zimebaki kwenye daftari.

Mchungaji alikuja nyumbani mwezi wa Novemba. Nilijiandaa kuulizwa kwa nini sionekani. Hakuuliza. Alikunywa chai, akaomba anisomee Zaburi, nikadhani itakuwa ile ya mchungaji na malisho mabichi. Akasoma ya 88. Kama huijui, isome ukiwa peke yako. Zaburi nyingi hata zikianza kwa kilio zinapindukia mahali fulani, mtu anakumbuka wema wa Bwana, anamalizia kwa sifa. Hii haipindukii. Inalia kutoka juu hadi chini, na mstari wa mwisho unaishia gizani. Akafunga Biblia. Akasema, "Hii nayo ni neno la Mungu, mama, wala hakuna aliyeiondoa." Akaaga. Nilikaa pale mpaka chai yangu ikapoa, nikawaza: basi mtu anaweza kuomba hivi na bado ikawa ni kuomba.

Huyohuyo mchungaji, siku nyingine, aliona dumu la asali pembeni ya kabati. Lita 20, asali ya mwisho aliyoileta mume wangu mwezi wa saba. Nilikuwa nimeshindwa kulifungua na nimeshindwa kuliuza. Lilikuwa limeganda. Mteja mmoja alishawahi kumkatalia mume wangu asali kama ile akidai imetiwa sukari, naye akamweleza kwa upole mrefu kwamba asali halisi nayo huganda, iweke juani itarudi. Mchungaji akaniuliza ni ya nani, nikamwambia. Akatulia, kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nalijua. Katika Luka 24, Yesu aliyefufuka anawatokea wanafunzi, wanamdhania roho, naye anaomba chakula. Wanampa samaki wa kuokwa. Ziko nakala za kale za Injili hiyo, akasema, ambazo zinaongeza: na sega la asali.

Biblia yangu ina samaki tu. Lakini nililishika lile jambo kwa mikono miwili. Maana mume wangu angelifurahia, angelisimulia kambini usiku kucha. Na maana liligusa kitu ambacho kilikuwa kinanisumbua bila mimi kujua kukitaja. Watu wote walikuwa wananifariji kwa roho yake. Roho yake imepumzika, roho yake iko kwa Bwana. Naamini, amina. Lakini mimi sikuolewa na roho. Mimi ni fundi, nimempima mtu yule miaka 26. Najua bega lake la kushoto lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia kwa sababu ya kubeba kamba za mizinga, kwa hiyo kila shati nililiongezea kitambaa kidogo upande ule, na hakuna aliyejua ila mimi. Ninachomlilia ni bega. Na hapo nikagundua kwamba tunachokiri kila Jumapili, tukiwa tumesimama, tukitamka haraka haraka ili tukae, ni ufufuo wa mwili. Mwili! Yule aliyefufuka alikuwa na makovu ya kuonyesha na mkono wa kupokea chakula. Alikula mbele yao. Bwana hana mpango wa kuutupa mwili kama mtu anavyotupa vipande vya kitambaa chini ya meza.

Hilo ndilo lililonirudisha. Si kwamba maumivu yaliisha, ila nilipata mahali pa kuyaweka.

Sasa Pasaka. Sisi Wamoravian tuna jambo ambalo wageni hulishangaa: alfajiri ya Pasaka tunakwenda makaburini. Mzee mmoja wa kanisa hutukumbusha asili yake kila mwaka. Mwaka 1732, kule Herrnhut, Ujerumani, vijana wa kiume wa ushirika walikusanyika kabla ya jua kuchomoza kwenye makaburi ya kilimani, wakaimba ufufuo wakiwa wamesimama kati ya wafu wao. Kutoka hapo imefuata kanisa kokote lilipokwenda. Kwetu Unyamwezi ilifika na wamisionari waliokuja Urambo mwaka 1898 kuipokea kazi mikononi mwa wale wa shirika la misheni la London. Babu yake mume wangu alibatizwa hukohuko Urambo, na mume wangu alipokuwa mtoto alibebwa mgongoni kwenda makaburini usiku, akaogopa, akalala, akaamshwa na tarumbeta. Alikuwa anapenda kulisimulia hilo.

Mwaka jana Pasaka iliangukia tarehe 20 Aprili. Jumamosi yake tulienda kufanya usafi. Mvua zilikuwa hazijatuacha, nyasi zilikuwa zimefika kiunoni, wanaume wakafyeka, sisi tukapalilia na kupaka chokaa mawe. Kaburi lake lilikuwa limetitia upande mmoja. Upande wa kushoto. Niliangalia nikacheka, nikalia, nikajaza udongo kwa mikono.

Saa kumi usiku matarumbeta yakapita mitaani. Asiyejua anaamka akidhani kuna hatari. Saa kumi na moja tulikuwa mbele ya kanisa, giza totoro, maana Tabora jua huchelewa, wenzetu wa Dar wanakuwa wameshakunywa chai sisi bado tunapapasa. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka kijijini siku mbili kabla. Mayu, ndivyo tunavyomwita, ni mdogo wa umbo, miguu imepinda, na hakuniambia neno lolote la kunifariji tangu Septemba. Mimi nilifiwa na mume, yeye alifiwa na mtoto aliyemzaa, tulikuwa tunapitana tu ndani ya nyumba tukigusana mikono. Nikamshika mkono. Mbele yetu kijana alibeba bendera ya kanisa, Mwanakondoo na ule usemi wetu: Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate. Bendera ile nilishona mimi. Sikuwa nimewahi kutembea nyuma yake nikiwa na sababu.

Makaburini tulisimama kila mtu penye wake, au karibu na wake. Tochi zikazimwa. Mchungaji akasoma habari za Mariamu Magdalene, yule aliyefika kaburini kungali giza bado. Sikiliza anavyoulizwa: "Mama, unalilia nini? Unamtafuta nani?" Anaulizwa. Hakatazwi. Anaachiwa nafasi ya kutaja. Naye analia kiasi kwamba Bwana mwenyewe amesimama mbele yake na anamdhania mtunza bustani. Halafu anaitwa kwa jina lake, neno moja tu, na anageuka.

Baada ya hapo yakasomwa majina ya waliolala tangu Pasaka iliyotangulia. Walikuwa 31. Lake likawa la 19, majina yote matatu, kwa sauti, hadharani, katika giza lile. Sijui niseme nini kuhusu jambo hilo. Miezi saba watu walikuwa wakilikwepa jina lake mbele yangu, wakisema "marehemu", wakisema "mzee", kama vile jina nalo limezikwa. Na hapa linaitwa kama mwalimu anavyoita mahudhurio.

Mbingu ikaanza kupauka upande wa reli. "Bwana amefufuka!" "Amefufuka kweli kweli!" Tarumbeta zikapiga, watu wakaimba. Mayu hakuimba. Aliuachia mkono wangu, akapiga hatua mbili mbele, akainama kwa shida mpaka kiganja chake kikagusa udongo ule niliojaza jana yake, na akamsalimia mwanawe salamu ya asubuhi, vilevile kama alivyomsalimia maisha yake yote akitoka chumbani.

"Mwangaluka, baba."

Kwa sauti ya kawaida. Kisha akakaa hivyo kidogo, kama mtu ambaye hana haraka na jibu.

Nilikuwa nimesikia mahubiri mengi ya ufufuo. Ninayoyaishi ni hayo maneno mawili.

Tuliporudi kanisani kulikuwa na chai na maandazi. Lile dumu nilikuwa nimeliweka juani wiki nzima likalainika, nikalibeba, nikawapa kina mama wagawe. Watoto walichovya maandazi mpaka mikono ikanata. Mzee mmoja alionja akafumba macho akasema hii ni ya msitu wa Sikonge, ya maua ya miyombo, nikamwambia ndiyo, ni yake. Nimebakisha chupa moja. Ile siigusi.

Nisikudanganye, mwanangu. Jumatatu yake niliamka nikiwa na uzito uleule. Kuna siku mwezi huu, mwaka mmoja na nusu sasa, nimekata kitambaa cha shati kwa vipimo vyake kwa kusahau, nikasimama na mkasi mkononi. Mama yako utamkumbuka sokoni ukichagua nyanya, utamkumbuka simu ikilia saa aliyokuwa anapiga yeye. Hilo halina tiba na sidhani linahitaji tiba. Lia. Ukitaka kumlaumu Mungu, mlaumu yeye mwenyewe, usiende kumlaumu kwa watu. Martha alitoka nje akamwambia usoni, na hakukemewa. Usikae peke yako jioni. Tafuta mtu mmoja asiyesema sana. Mtu akikuambia mama yako amekufa kwa kosa la kiroho la mtu fulani, simama, uondoke.

Gauni liko tayari. Nimelipunguza kiunoni na mabegani, lakini kitambaa sikukikata, nimekikunja chote ndani ya mshono, maana mama yako alikuwa mtu wa mwili na wewe bado unakua. Kwapani palikuwa pamechakaa kidogo kwa jasho lake, nimepaacha. Pembeni nimepiga bandi tu. Njoo ulijaribu kwanza.

Na mwaka huu Pasaka ni tarehe 5 Aprili. Jina la mama yako litasomwa, nimeshahakikisha kwa mwandishi wa kanisa kwamba limeandikwa sawasawa. Uje mbele ya kanisa saa kumi na moja, uvae viatu vya kufunika, nyasi zina umande na matope. Mimi nitakuwa na mkeka wa jirani yangu na chupa ya chai. Mayu naye anakuja. Ukimkuta, mwamkie kwa sauti kubwa kidogo, masikio yake siku hizi mazito.